Taa Nyekundu Kwenye Gari la Mpaka Rangi

Kila asubuhi mpaka rangi alipakia gari lake kwa mpangilio uleule. Ngazi juu ya paa. Makopo makubwa chini, madogo juu yake. Brashi ndani ya gazeti. Gari lenyewe lilikuwa la familia, refu, la viti saba. Siku za kazi lilibeba rangi, siku za mapumziko lilibeba watu.

Kwenye dashibodi zilikuwa zikiwaka taa mbili. Moja ya njano, yenye picha ya injini. Nyingine nyekundu: duara lenye alama ya mshangao katikati.

Mke wake, mpishi wa shule, aliogopa ile ya njano.

"Injini ikifa, Jumamosi mama atafikaje hospitali?"

Mama huyo ni mama mzazi wa mke, aliyeishi nao. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa amesubiri kupasuliwa kwa miezi minane, na sasa zamu yake ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Asiyefika angerudi mwisho wa foleni. Hospitali ilikuwa chini ya mteremko mrefu.

"Na hii nyekundu?" mke aliuliza.

"Hiyo ni ya breki tu. Nikiongeza mafuta ya breki, inazima. Dawa yake naijua."

Ni kweli ilizima. Mwanzoni aliongeza mafuta mara moja kwa mwezi. Sasa aliongeza kila siku ya tatu, na chupa aliiweka karibu, katikati ya makopo ya rangi.

Alhamisi jioni alikuwa akiosha gari. Alipofika gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, alisimama. Rimu alikuwa ameipaka rangi yeye mwenyewe wiki mbili nyuma. Sasa rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua.

Jirani yake alikuwa akipita. Ni mwanamke mwenye gereji pale kwenye kona, na mtaa mzima humwita Bi Spana.

"Fundi, hapa ulipaka rangi au uji?"

"Usinichekeshe, dada. Nilipiga msasa vizuri, nikapaka mara mbili. Yule muuzaji kaniuzia takataka."

Bi Spana alichuchumaa. Alipitisha kidole upande wa ndani wa tairi, kikatoka kimelowa. Akakinusa.

"Muuzaji hana kosa. Haya ni mafuta ya breki, na mafuta ya breki hula rangi. Taa nyekundu inawaka?"

"Ilikuwa inawaka. Nimeongeza mafuta, imezima."

"Ngoja nikuulize, fundi kwa fundi. Mteja ana doa la maji ukutani. Unapaka rangi juu yake?"

"Thubutu! Kwanza natafuta bomba linalovuja. Ukipaka tu, baada ya wiki doa lina..."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko.

"Malizia, baba. Tunakusikiliza."

Bi Spana hakucheka. Alimwambia aketi kwenye usukani bila kuwasha injini.

"Kanyaga breki mara kadhaa. Sasa shikilia, usiachie."

Mpaka rangi alishikilia. Pedali ikashuka polepole chini ya mguu wake mpaka ikagusa sakafu.

"Inakwenda yenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Mafuta yanavuja. Siku moja utakanyaga pale mteremkoni, usikute kitu."

"Lakini Jumamosi nampeleka mama."

"Kwa gari hili lilivyo sasa, humpeleki. Hata gerejini kwangu halitembei. Nitakuja na vifaa kesho."

"Kesho kuna nyumba ya watu inanisubiri."

"Basi ikusubiri," mke alisema.

Ijumaa Bi Spana alikuja mapema. Kabla ya kufungua chochote, aliwaita wote wawili ndani ya gari. Alizungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyingi zikawaka kwa pamoja.

"Msishtuke. Gari linajaribu taa zake. Sasa nawasha injini. Zinazozima ziko salama. Inayobaki ndiyo inayowaita. Ya njano inasema: nishughulikie karibuni. Nyekundu inasema: simama mahali salama, uniangalie sasa."

Alichomeka mashine ndogo chini ya usukani, akasoma kosa la taa ya njano. Kisha akaenda nyuma, akajaribu kifuniko cha tangi la petroli. Kilikuwa kimelegea. Akakikaza mpaka kikalia *ka*, akafuta kosa kwenye mashine. Taa ikazima.

"Hii ndiyo iliyokunyima usingizi, mpishi. Kifuniko tu. Ikiwaka tena, niiteni."

Kisha akashika ya breki. Mpira unaopeleka mafuta gurudumu la nyuma ulikuwa umepasuka. Pedi za mbele zilikuwa zimelika, nyembamba kama ukucha. Alibadilisha vyote. Akajaza mafuta mapya, akamwomba mke akae kwenye usukani ili watoe hewa iliyoingia kwenye mirija ya breki.

"Kanyaga. Shikilia. Achia. Tena."

"Mguu unauma!"

"Uume leo, kesho upone."

Walipomaliza, pedali ilisimama juu, ngumu. Mpaka rangi aliijaribu mwenyewe, kwanza papo hapo uani, kisha polepole kwenye barabara tambarare. Chupa yake ya mafuta alimkabidhi Bi Spana.

"Nikiona mafuta yamepungua tena, siongezi. Nakuita."

Jumamosi waliondoka saa mbili. Mama alikaa mbele, mkoba mapajani. Katikati ya mteremko, lori lililokuwa mbele likasimama ghafla. Mpaka rangi akakanyaga breki. Gari likasimama. Kati yao na lori palibaki hatua tatu.

"Mwanangu, mbona tumesimama?" mama aliuliza.

"Lori limesimama mbele yetu, mama."

"Haya. Na sisi tusimame."

Saa tatu kasoro dakika kumi, hospitalini, muuguzi aliita jina la mama. Mama akainuka.