Kijani Kisicho na Mizizi

"Kuanzia leo," alitangaza Waziri akiwa amesimama juu ya ndoo, "ardhi yote ya nyuma ya chumba cha babu iko chini ya wizara yangu!"

Ndoo ikateleza, mheshimiwa akaanguka kifudifudi. Waziri ni jina walilompa nyumbani kwa sababu alipenda kuamrisha na alichukia jembe.

Nyuma ya chumba hicho palikuwa na miti mikubwa, na chini yake nyasi hazikuota kwa kukosa jua. Kila mvua iliponyesha, udongo uliporomoka hadi mlangoni kwa babu, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza. Ndipo shangazi, mwenye kitalu cha miche, akaleta mmea mtambazi wa msituni, unaopenda kivuli na kushika udongo.

"Kila mche na shimo lake," shangazi alimwagiza Waziri. "Chimba polepole, usikate mizizi."

Waziri alichimba mashimo mawili, viganja vikamwaka moto. Basi akakata vichwa vya miche kwa mkasi, akavichomeka ardhini safu kwa safu, na mizizi akaitupa mtaroni. Juani vingenyauka siku hiyohiyo. Kivulini vilibaki kijani, vikamsitiri.

"Mwanangu, umetutoa kimasomaso!" mama alisifu. Waziri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kiserikali.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Walimkuta babu ameng'ang'ania ukingo wa kitanda, tope limefika godoroni, sauti imemkauka kwa kuita.

"Ni mbuzi wa jirani! Walikanyaga miche," Waziri alisema upesi.

Jirani aliomba radhi kwa aibu. Shangazi alipoleta miche mingine, jirani huyo alipiga magoti akaipanda yote mwenyewe. Safari hii ilishika, na mvua iliyofuata haikubeba udongo. Lakini kifua alichokipata babu kwenye tope lile hakikupona. Alikohoa usiku kucha, na Waziri alimsikia kupitia ukutani.

Siku moja shangazi alifika na kishina chenye mizizi alichookota mtaroni, kimekatwa sawasawa juu.

"Hebu niambieni, mbuzi gani huyu anayetumia mkasi?"

Hakuna aliyecheka. Babu alimtazama mjukuu wake.

"Kazi ikikushinda, mjukuu wangu, sema. Tungeshika jembe wote. Ukitudanganya, tunalala tukidhani tuko salama."

Waziri alikipokea kile kishina mkononi mwa shangazi.

"Mbuzi hawakuingia, babu. Ni mimi. Nilikusikia ukiita siku ile, nikaogopa kuja kufungua mlango."