Nyasi za Dirisha la Babu

Chiriku aliporudi kutoka shule, kazi zake zilikuwa tatu, na alizijua kama vidole vyake. Kwanza alivua sare na kuitundika msumarini. Pili alimpelekea Babu chai. Tatu alichukua ndoo, na hiyo ya tatu ndiyo iliyomchosha roho.

Jina la Chiriku alipewa na Babu kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Babu alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomwacha. Sasa alishinda kwenye kiti kando ya dirisha, akisikiliza.

Zamani, katika nyumba yao ya kwanza, alisikiliza nyasi. Si nyasi za kulishia mbuzi, la! Zilikuwa nyasi za mapambo, ndefu kumpita mtoto, rangi yake kahawia kama mkate ulioiva vizuri, na masuke yake laini kama manyoya ya kifaranga. Marehemu Bibi alizipanda chini ya dirisha mwaka ule macho ya Babu yalipoanza kufifia. "Hutaniona nikipita," alimwambia, "basi utanisikia." Kila alipopita alizipangusa kwa mkono, nazo zikasema shwaa. Bibi alipofariki, upepo ukaendelea kuzipangusa, na Babu akaendelea kutabasamu.

Kisha nyumba ile ikauzwa. Siku ya mwisho, Mama alilichimba lile shina kubwa la nyasi, akalikata kwa panga vipande vinane na kuvileta ndani ya magunia. Akavipanda chini ya dirisha jipya.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Chiriku. "Kila shina ndoo moja, kila jioni, kwa wiki tatu. Mizizi imekatwa, haiwezi kujitafutia maji. Na kule tulikohama, aliyenunua nyumba anamwaga saruji uani kesho. Zikifa hizi, hatuna pengine pa kuzipata."

"Sawa, Mama."

Mama alikuwa dobi, na alirudi jua likizama. Bomba lilikuwa mwisho wa ua. Ndoo nane, safari nane. Siku nne Chiriku alibeba zote bila kunung'unika. Siku ya tano, rafiki yake wa jirani, msichana aliyeitwa Kamba kwa ubingwa wake wa kuruka, aliegemea ua na kuangua kicheko.

"Jamani, njooni muone! Watu wanang'oa nyasi, huyu anazinywesha! Chiriku, kwenu mmenunua ng'ombe?"

Watoto wote wakacheka. Chiriku alihisi masikio yanawaka moto. Akajaza ndoo moja tu, akachota kwa kikombe, akamwaga kikombe kimoja juu ya kila shina. Udongo ukawa mweusi, ukapendeza. Akatupa ndoo na kukimbilia kuruka kamba na wenzake.

Jioni Mama aligusa udongo kwa kiganja. "Umemwagilia?"

"Ndiyo, Mama. Ndoo nzima kila shina."

"Hongera, mwanangu."

Uongo ule ulipita bila kukwama popote, kwa hiyo kesho yake aliurudia, na kesho kutwa. Mvua haikunyesha. Nyasi zilikaa na rangi yake ileile ya kahawia, nani angejua? Mmea mwingine ukinyauka hugeuka manjano, watu wakashtuka. Hizi zilikuwa kahawia tangu zikiwa hai.

Wiki ya tatu upepo ulivuma mchana kutwa. Chiriku alipoleta chai, Babu hakunyoosha mkono kuipokea.

"Kitendawili!" alisema.

"Tega!" Chiriku alijibu kwa furaha. Vitendawili ndivyo vilivyokuwa mchezo wao.

"Amesimama palepale, amevaa nguo zake zilezile, lakini hayupo."

Chiriku alifikiri. "Sanamu? Nguo kwenye kamba?"

"Hapana."

Nje, majani yaligongana. Hayakusema shwaa. Yalilia kama karatasi kavu inayokunjwakunjwa. Chiriku alimtazama Babu, akaelewa kwamba jibu lilikuwa nyasi za Bibi.

"Umeshindwa? Nipe mji," Babu alisema kwa upole.

Badala ya kutaja mji, Chiriku aliweka chai chini. Alipiga magoti. "Babu, sikuzimwagilia. Nilikuwa namwaga kikombe kimoja kimoja. Walinicheka."

"Nilikuwa nasikia kikombe kikigonga ndoo," Babu alisema. "Nikajiambia, mjukuu wangu ana njia yake. Nilinyamaza kwa sababu nilikuamini."

Heri angepigwa.

Mama aliporudi na kuelezwa, alishika shina la kwanza, likang'oka kwa mkono mmoja. Mizizi ilikuwa mikavu kama uzi wa zamani. La pili vilevile. La tatu. Mama alizidi kung'oa tu, na mashina yakarundikana miguuni pake. La nane, lililokuwa kivulini pembeni, likagoma. Akalipasua kidogo kwa kucha. Ndani mlikuwa na kijani, chembamba kama sindano.

"Moja," alisema, akaingia ndani.

Tangu siku ile Chiriku alilimwagilia lile shina ndoo nzima kila jioni. Kamba alicheka tena. "Bado unanywesha ng'ombe?"

"Nyasi za Bibi yangu," Chiriku alijibu, akaendelea na kazi. Kamba hakucheka tena.

Mvua zilipoanza, majani mapya yalichomoza, yakafika urefu wa shubiri. Chiriku alimshika Babu mkono, akamtoa nje, akamwongoza mpaka pale. Babu aliyapapasa jani kwa jani.

"Limepona," alisema. "Umelihudumia vizuri. Lakini ni dogo, halijui kuimba. Itapita miaka miwili, mitatu, mpaka lijaze dirisha, na mimi ni mzee."

"Nisamehe, Babu."

"Nilikusamehe siku ileile. Ila ujue, mjukuu wangu, binadamu ukimwambia 'nimefanya' ataridhika, atalala. Mmea haunywi maneno. Kazi usiyoifanya haifanyiki kwa kusemwa, na anayeilipia mara nyingi ni mwingine, aliyekaa kimya akikuamini. Kukiri kwako kumeokoa shina moja. Ungekiri siku ya kwanza, yangepona nane."

Chiriku alimrudisha kwenye kiti chake. Upepo uliingia, ukapeperusha pazia, ukatoka bila sauti.

"Nifungie dirisha, mjukuu wangu," Babu alisema. "Kuna baridi tu huko nje."