Aliyeitika Darajani

Anayesikiliza kisa hiki asiegemee mlango. Kilianza na harufu tu, na harufu yenyewe ilikuwa mahali pasipo pake: ndani ya buti jipya.

Medard alikuwa ametoka soko la Zhanxi, kule Guangzhou, Uchina, na sampuli za viatu, mguu mmoja mmoja, maana wauza jumla hawampi mtu pea nzima wasije wakamwona mara ya mwisho. Kwa kupatana bei hapakuwa na wa kumkaribia, tangu Bukoba mpaka Tunduma. Akitamka tu "tai gui", ghali mno kwa Kichina, laobani mwenye duka alishika kichwa na kushusha bei mwenyewe, kuliko kungoja atukanwe. Basi siku hiyo akaketi chumbani kwake Sanyuanli, akatumbukiza pua ndani ya buti kukagua gundi. Hakunusa gundi. Alinusa karafuu maiti.

Akachukua buti la pili. Karafuu maiti. La tatu nalo, na humo ndani palikuwa na jani moja bichi, limelowa.

"Wachina nao!" akasema kwa sauti, ili chumba kijue kwamba haogopi.

Ndipo akasikia magurudumu ya begi koridoni. Krrr. Krrr. Kwenye jengo la wasafiri magurudumu ni kelele za kila siku, lakini haya yalikuja mpaka mlangoni kwake, yakasimama, na mwenye begi hakubisha hodi. Medard akafungua. Hapakuwa na mtu. Sakafuni kulikuwa na michirizi miwili ya maji iliyotoka kwenye lifti ikaja kukomea kwenye vidole vya miguu yake.

Na hiyo ni mchana kweupe.

Kilichomtoa jasho si michirizi. Ni jani. Alilijua lilikotoka.

Vuli ya mwaka uliopita, rafiki yake Agustino alifia Guangzhou. Walikuwa wa kijiji kimoja upande wa Muleba, wameibiana senene utotoni mpaka wakapigwa viboko kwa pamoja. Homa ilimkamata, ikamaliza. Kusafirisha maiti kukashindikana, akachomwa kama desturi ya huku, majivu yakatiwa kwenye kisanduku cha jiwe, na Medard akakabidhiwa ampeleke kwa mama yake, Ma Albina, azikwe kibanjani, kwenye migomba ya baba zake. Kwao, asiyelala kibanjani ni msafiri tu, hajafa akatulia.

Lakini siku ya safari begi lilikuwa limejaa simu, kisanduku kilikuwa kizito, na wenzake walishaanza kunong'ona kwamba hakuna atakayechanganya mzigo kwenye kontena na mtu anayetembea na marehemu. Medard akakikumbatia kisanduku, akafuata mfereji unaopita nyuma ya nyumba mpaka kwenye kimsitu cha mikafuri, miti ya kale itoayo karafuu maiti, ambayo wenyeji hawaikati hata kijiti, akakifukia kwenye mizizi.

"Agustino, ndugu yangu, tulia hapa," alisema. "Nitarudi kukuchukua."

Nyumbani akapeleka kopo la biskuti lililozibwa vizuri, limejaa majivu ya jikoni. Ma Albina alilipokea kwa mikono miwili, kisha akaubusu mkono wa Medard mbele ya waombolezaji. "Umenirudishia mwanangu." Mkono ule Medard amekuwa akiuosha tangu siku hiyo. Watu walidhani ni usafi.

Basi, siku ya tatu baada ya lile jani, akakimbilia kwa Imelda. Huyu ndiye aliyewapikia wafanyabiashara ugali na sato wa kuchoma kwenye fleti yake, jiko la mkaa likiwa limefichwa roshani. Mezani alikuwepo pia Abdulrazak, kijana wa Pemba anayesoma chuoni, aliyepitia pale kila tambi zilipomshinda. Medard aliwaeleza yote huku akitazama mlango.

"Majivu ya jiko gani?" Imelda aliuliza.

 Macho ya Medard yakaenda roshani yenyewe.

"Langu? Medard! La sato?"

"Punguza sauti, dada."

"Nipunguze nini? Mama wa watu analilia mkaa wangu!"

Abdulrazak aliliweka tonge chini. "Kaka Medard, huyo wa mlangoni amesema neno?"

"Jana amesema. 'Tulia hapa. Nitarudi kukuchukua.' Hana lingine. Anarudia hayohayo."

"Kwa sauti ya nani?"

Medard alilamba midomo. "Yangu."

 Hata mafuta kwenye kikaango yalionekana kusikiliza.

"Wallahi mimi nimekuja kusomea madaraja, sikuja kupunga majini," Abdulrazak alisema. "Lakini babu yangu alikuwa akipunga, na alituusia hili: chochote kinachokusemesha bila mwili, kiulize jina la mama yake. Maiti hamsahau mama. Jini hana la kujibu."

"Jini gani tena?" Imelda akamkata. "Mtu amefukiwa chini ya mti kama kokwa la parachichi, unatafuta jini wa nini? Ni Agustino huyo, anataka kwao. Mimi nimeishi hapa muda, nimewaona wenyeji. Mfu akihamishwa, huitwa jina kwenye kila daraja, kwa sababu roho haivuki maji bila kuitwa. Tunamwita, tunamleta, kisha wewe unampigia mama yake simu. Unasema kweli yote."

Kwenye kuita, Medard alitikisa kichwa kukubali. Kwenye simu alitazama mikono yake.

Wakaenda Jumapili alasiri. Joto la Guangzhou lilikuwa limelegea, na kando ya mfereji wazee walicheza karata chini ya matandiko yaliyoanikwa, na mtu mmoja kwenye mashua alikuwa akichota majani juu ya maji kwa wavu. Imelda alibeba upawa wa kuchimbia, maana ndicho chuma kilichokuwa karibu. Wacheza karata waliwacheka. Medard naye alijaribu kucheka, sauti ikakataa.

Walipoingia kwenye mikafuri, kelele za mji zilikatika kama redio iliyochomolewa. Miti ile ni minene, inakumbatiwa na watu wanne, na chini yake baridi ilikuwa ya peke yake. Harufu ikawapanda.

"Karafuu maiti," Abdulrazak alinong'ona. "Kwetu tunampaka maiti hii. Huu msitu mzima umeshaoshwa."

Medard alichimba kwa upawa huku akitubu kimoyomoyo. Kisanduku kilikuwepo. Kilikuwa chepesi, chepesi kupita kiasi.

"Kiulize kwanza," Abdulrazak akamshika bega. "Kaka, kiulize jina la mama."

Medard alikikumbatia kisanduku. Alikuwa tayari kwa lolote, isipokuwa kusikia jina la Ma Albina likitamkwa mahali pale, na kwa sauti yake mwenyewe. Aibu ilimshinda kuliko hofu.

"Agustino," akasema badala yake. "Twende nyumbani."

Nyuma ya mti kitu kikajibu: "Naam."

Hawakugeuka. Kwenye daraja la kwanza Medard aliita, na "naam" ikatoka mbali, huko msituni, kwa sauti yake mwenyewe. Kwenye daraja lililofuata aliita tena, nayo ikajibu kutoka kwenye miti ya ukingoni, na safari hii sauti ilikuwa imeanza kujitenga na yake, kama mtoto anayeacha mkono wa mzazi, na kisanduku kikaongeza uzito, na wale wazee wa karata waliowacheka walipokuwa wakienda sasa walikusanya karata zao bila kusemezana, wakabeba viti wakaingia ndani, na Imelda akaanza Baba Yetu akakwama katikati akarudi mwanzo, na Abdulrazak alikuwa akisoma vyake kwa pumzi tu, na kila hatua waliyopiga kando ya maji yale meusi ilikuwa na hatua nyingine nyuma yake, yenye majimaji, isiyokuwa na haraka, hatua ya mtu aliyealikwa.

Kwenye daraja la mwisho mji ulianza tena, taa zikiwaka moja moja. Kisanduku kilikuwa kizito sasa hata Medard akakitua juu ya ukuta wa daraja.

"Piga simu hapahapa," Imelda alisema. "Weka sauti kubwa. Ukifika chumbani utapata visingizio."

Muleba ilikuwa bado mchana. Ma Albina alipokea huku kuku wakilia karibu yake. Medard akamwamkia, kisha akasema. Alisema yote: begi, simu, kontena, mti, jiko. Machozi yalimwingia mdomoni, hakuyafuta.

"Medard mwanangu," yule mama alisema taratibu, "kwenye lile kopo kulikuwa na mwiba wa samaki."

Medard akashika ukuta.

"Nililifungua nitie udongo wa kaburi la baba yake. Nikaona. Nikanyamaza nisikuvue nguo mbele ya watu. Mlipoondoka nilikata mgomba, nikauzika kwa jina lake, kama wazee wanavyomfanyia aliyepotelea ugenini. Akaja. Nilimwota ameketi kibarazani, ameshiba, ananicheka. Agustino yuko kwao, baba. Amelala. Hakuna anachokudai, na mimi sikudai. Futa machozi."

Kwa pumzi moja tu Medard alikuwa mtu mwepesi kuliko wote Guangzhou. Kisha akamwona Abdulrazak akirudi nyuma, hatua kwa hatua, akikodolea macho pengo la giza lililokuwa kati ya Medard na Imelda.

"Kaka," kijana alisema, "kata simu."

Vidole vya Medard havikusikia. Alikuwa ameshaelewa ni jina la nani alilompa asiye na jina, na ni madaraja mangapi alimvusha kwa hiari yake, kwa sababu tu hakuweza kuuliza swali moja. Pale pale karibu na sikio lake, kwa sauti laini, yenye adabu, isiyokuwa yake tena wala ya Agustino, kitu kikainama kwenye simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Ma Albina aliitika, kama mzazi yeyote anavyoitika kabla hajafikiri, na kwa neno hilo asiye na mama akapata mama. Kule kwake kuku wakanyamaza wote kwa mpigo.

"Medard?" akauliza. "Huyo aliyeniamkia ni nani?"