Masikio ya Shangazi

Jumamosi za kliniki, Chiriku alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamsindikiza shangazi yake zahanati. Shangazi alikuwa na mimba ya miezi minane, na tangu utotoni hasikii vizuri. Nyumbani walizungumza naye uso kwa uso, taratibu. Lakini nesi alizungumza huku ameinamia kadi, kalamu ikikimbia. Kwa hiyo Chiriku alitumwa awe masikio yake.

Siku hiyo, nje ya dirisha, wenzake walikuwa wakiruka kamba. Nesi akataja dalili za hatari mfululizo, kama mtu anayekimbizwa na mvua.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, nesi, tumeelewa," akaitikia Chiriku kwa sauti ile ya darasani. Hakuwa amesikia hata moja. Nesi akatia tiki kwenye kadi.

Njiani shangazi akauliza, "Kasemaje leo, mwanangu?"

"Yale yale. Ule vizuri, upumzike."

Siku ya tatu shangazi aliamka uso umevimba, kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. "Nesi si kasema nipumzike?" akasema, akajilaza tena.

Bibi, aliyekuwa kando ya kitanda, akamgeukia Chiriku. "Mambo ya kuvimba na kichwa hakuyataja?"

 Chiriku akamtazama shangazi: amefumba macho, ametulia kwa sababu ya uongo alioambiwa.

"Sijui, bibi. Sikusikiliza. Nilikuwa natazama kamba."

Bibi hakumgombeza. "Aibu utaionea njiani. Kimbia, kamwite mwenye pikipiki."

Huko zahanati, nesi alimpima shangazi presha, akaona imepanda sana. Akamchoma sindano, akapiga simu gari lije limpeleke hospitali.

"Mngekawia, tungewapoteza wote wawili, mama na mtoto," alisema. "Si niliwaambia? Tiki hii hapa."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mimi ndiye niliyesema tumeelewa," akasema, machozi yakimdondoka. "Shangazi hana kosa. Hasikii vizuri."

Nesi akaiangalia ile tiki. "Miezi yote hii, nami sikujua," akasema polepole. "Nilitaka jibu hilo hilo ili foleni isogee. Aibu hii tugawane, mwanangu. Yako peke yako ni nzito mno."

Shangazi alijifungua salama. Aliporudi kliniki na mtoto mgongoni, nesi alikuwa ameweka kalamu chini, amewageukia akina mama. Hakuuliza tena kama wameelewa. Alimwuliza kila mmoja, "Ukifika nyumbani, utawaambia nini?" Aliyekwama alielezwa upya, bila kuchekwa.

Kisha akamwona Chiriku amejibanza mlangoni, macho chini.

"Njoo, masikio ya shangazi. Kusema 'sikuelewa' ni aibu ya dakika moja. Kusema 'nimeelewa' kwa uongo kunaweza kuua mtu. Na anayefundisha asiridhike na 'ndiyo', mpaka arudishiwe maneno yake. Haya, nimesema nini?"

Uso ulimwiva Chiriku kwa haya. Akamgeukia shangazi, ili aione midomo yake, akayarudia yote, taratibu, neno kwa neno.