Mpima Maji na Mtia Rangi

Soko la Majalaya, mji wa viwanda vya nguo, asubuhi halina adabu. Mtu akikukanyaga, wewe ndiye unayetakiwa kusogea. Nining, katika sare yake ya kijani ya ofisi ya mazingira na ushungi wa rangi ya maziwa, alisukumwa hadi kifuani kwa kijana mrefu mwenye kucha za buluu.

"Taratibu, Neng," kijana alisema, kama huko wanavyomwita msichana. "Ukinigusa sana utatoka na rangi."

Alikuwa Yayat, mtia rangi vitambaa katika kiwanda cha nguo kando ya mto. Kazi ya Nining ilikuwa kuupima mto huohuo. Walicheka walipolijua hilo, na kabla mvua hazijakatika walikuwa wamezama penzini, hawasikii la mtu.

Hawakukubaliana katika kila kitu. Nining alipolalamika kwamba maji machafu yanaua mpunga wa mjomba wake, Yayat alijibu, "Nilipokuwa mtoto mto ulikuwa safi, na tulilala njaa. Leo mama ana nyumba ya vigae."

Tatizo ni kwamba kila Nining alipokwenda kupima, bomba la kiwanda lilitoa maji meupe. Siku nyingine zote mto uligeuka zambarau. Mkuu wake akamwambia kuna mtu anavujisha siku zake za kupima. Nining akakumbuka simu zote alizompigia Yayat: kesho naenda mtoni, tuonane jioni. Hakuuliza. Alimpigia, akamwita mpelelezi, akakata.

Miezi mitatu ikapita. Alimkosa vibaya, akakosa hata harufu ya dawa za kiwandani kwenye koti lake. Alikula wali asijue amekula nini. Mara ngapi aliitazama namba yake, kisha akaweka simu chini, kwa ukaidi tu.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, Yayat akapiga.

"Chupa zako za kupimia unazianika kwenye baraza ya ofisi siku moja kabla, sivyo?"

"Ndiyo. Lazima zikauke."

"Mlinzi wetu hunywa kahawa ng'ambo ya barabara. Akiziona, anampigia meneja. Nimelijua jana. Jana hukuanika. Leo wamefungulia bomba. Njoo sasa hivi."

Alimkuta bombani, maji mekundu yakimwagika karibu na miguu yake. Alitamani kumkumbatia. Badala yake alishika chupa, akasita, maana akiijaza anamtoa kazini mtu anayempenda.

"Nisamehe, Kang," alisema, akimwita kaka kwa lugha ya kwao.

"Nilikusamehe siku ileile. Jaza, kabla hawajafunga."

Alijaza. Idara ya rangi ikafungwa kwa amri, na kwa kuwa mji mzima ulijua nani kasema, hakuna kiwanda kilichomtaka Yayat. Akaenda Batam, kisiwani. Walipigiana simu kila siku, lakini kwenye simu hakuna kushikana mikono.

"Nimepata kazi," alisema jioni moja. "Kupaka meli rangi."

"Na mabaki ya rangi yanakwenda wapi?"

"Baharini," Yayat alisema. "Tangu nifike hapa sijamwona mpimaji hata mmoja. Ndiyo maana natafuta nyumba ya watu wawili."

"Lete posa kwanza, Kang," Nining alisema. "Barua ya kuomba uhamisho wa kazi nitaiandika mwenyewe."

Kisha akalia, maana Batam ni mbali, na Idi, ambapo watu hurudi kwao, ilikuwa bado miezi saba.