Maoni ya Fundi Kuhusu Nyambizi

Bomba la duka la vitabu lilipasuka asubuhi ya kufungua shule, wateja wamejaa mpaka mlangoni. Fundi wa pampu alipofika na mkoba wake alimkuta muuzaji, mwanamke mwenye gauni la manjano, viatu mkononi, maji yamefika vifundoni, anaendelea kuuza kama vile hakuna kilichotokea.

"Kaka, ukimaliza kunitazama, maji yanatoka kule nyuma," akamwambia.

Tangu siku hiyo Fundi hakuwa na akili. Bomba lilikuwa zima, lakini alirudi kulikagua mara nne kwa wiki moja. Mwezi wa tatu wakawa wanaitana mpenzi, mwezi wa sita wakazungumza ndoa. Muuzaji alikuwa na sharti moja tu: mama yake, aliyekuwa ameanguka mara mbili jikoni, ahamie nao kwenye vile vyumba viwili vya Fundi. Fundi alisema sawa haraka haraka, na mazungumzo yakahamia kwenye mapazia.

Ndipo kikaja kile kitabu, riwaya nene ya vita vya nyambizi. Muuzaji alimchagulia mwenyewe, akisema mtu anayejua presha ya maji atakifurahia. Fundi alikisoma siku tisa kama mtu anayekunywa dawa. Alipoulizwa, alisema ni kitamu ajabu, na mambo ya maji yote ni kweli. Hakujua kwamba mwenzake aliyachukua maneno hayo na kuwapa wateja. Nakala kumi na nne ziliuzwa kwa ushahidi wa Fundi.

Wateja wakaanza kurudi, na daftari la maoni pale kaunta likachafuka. Mwalimu mmoja aliandika kwamba amemaliza kurasa mia nne na bado hajui adui anataka nini. Muuguzi akaandika kwamba mabaharia wote wanaongea kama mtu mmoja, tena mtu anayechosha. Mwingine alishukuru kwa kupata usingizi ambao vidonge vilishindwa kumpa.

Fundi alilikuta daftari hilo siku muuzaji ameenda stoo. Angeweza kulisoma akaondoka, lakini akiona kazi mbovu mkono humwasha. Akaandika, bila jina: nahodha hawezi kufungua mfuniko mita mia mbili chini ya maji kama anayefungua dirisha, kwa uzito wa maji ya kina kile hata watu ishirini wasingeusukuma, na mwandishi hajawahi kushika hata koki ya bafuni.

Muuzaji alizitambua zile herufi kubwa. Ndizo alizoziona kila siku kwa mama yake, kwenye mabomba ambako Fundi aliandika MOTO na BARIDI.

Alimpigia mchana huo huo. Fundi akazima pampu ili amsikie.

"Watu kumi na nne wamenitazama usoni nikiwaambia fundi wangu hasemi uongo."

"Mpenzi, ni kitabu tu."

"Sikukiandika mimi. Ungesema kibaya ningecheka. Wageni umewapa ukweli, mimi umenipa asali. Sasa niambie. Mama kuja kukaa nasi, ulikubali kwa moyo, au nako ulikuwa unanifurahisha?"

"Mpenzi, mimi..." Fundi akaanza. Simu ikakatwa.

Siku nane simu zake hazikupokelewa. Mara mbili alifunga pampu kinyume. Siku ya tisa alipiga pasi shati jeupe, akaenda kwa mama. Muuzaji alifungua, kitambaa kichwani, macho yamevimba. Mama alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya stuli, masanduku yamepangwa ukutani.

Fundi alisalimia, kisha akasema akiwa amesimama: "Sitaki mama ahamie kwangu. Baba yangu nilimuuguza miaka mitatu chumba kimoja. Mwishoni alikuwa akiniita, najifanya sijasikia. Naogopa kuwa mtu yule tena, huku wewe unaniona."

Muuzaji akaegemea ukuta, machozi yakamtoka. Mama akakohoa.

"Mwanangu, hata mimi kuhama sitaki. Nimemwambia huyu mara tatu. Anaitikia 'ndiyo mama,' halafu anafunga sanduku jingine."

"Ukianguka tena je, mama?" muuzaji akauliza.

"Nitaanguka. Hata kwake sakafu haina godoro."

Hakuna aliyecheka. Muuzaji alimgeukia Fundi. "Peke yake hawezi kukaa, na mimi simwachi."

"Najua."

"Na bado unataka kunioa, na shida yenyewe ndiyo hii?"

Safari hii Fundi hakuharakisha. Alimtazama mama, akayatazama masanduku, akamtazama muuzaji.

"Nataka. Na bado naogopa."

Muuzaji alifuta uso kwa kiganja, akamvutia kiti.

"Basi kaa," akasema, "tugombane vizuri."