Mkwe Chini ya Pikapu

Kinu kilipasuka, jeki ikaruka pembeni, na pikapu ikamshukia Nkwabi.

Kosa lilikuwa lake, wala hakuwa na wa kumsingizia. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, gari linarukaruka kwenye makorongo mpaka ndama anaowapakia wanatapika. Fundi yuko Ndalambo, mbali, basi akajifanya fundi uani kwake. Akapandisha gari kwa jeki, akatoa gurudumu, na badala ya kulilaza gurudumu lile chini ya chesisi, akaegemeza chesisi kwenye kinu cha mkewe, kinu kilicholiwa na mchwa. Aliivuta nati yenye kutu mara tatu tu, gari likayumba.

Sasa springi ililala juu ya paja lake la kushoto, na mfupa alikuwa ameusikia ukivunjika. Chesisi ilining'inia juu ya kifua, pamebaki nafasi ya kiganja. Jua la bonde la Momba lilichoma mchanga, na mchanga wenyewe ulikuwa ukititia. Kila alipojitikisa, chuma kilishuka.

Mkewe, Shani, na watoto walikuwa wamepeleka ng'ombe mtoni hadi jioni. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu, Getruda, mama yake Shani. Na huyo ndiye Nkwabi asiyethubutu kumwita. Kwao mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Miaka tisa walikuwa wamesemeshana kupitia kwa watoto. Tena mama huyu hakumpenda hata chembe, kwa kumleta binti yake kwenye nyika isiyo na jirani.

Basi Nkwabi akauma meno, akanyamaza. Ujinga ulioje! Mtu anakufa huku anaona haya. Chesisi ikamgusa mbavu, na hapo haya ikamtoka yote.

"Mama! Nakufa!"

"Nani huyo?" sauti ilitoka nyuma ya jiko.

"Mimi, mkweo. Gari limenilalia."

"Nilijua hilo gari litaua mtu. Nifanye nini?"

"Nisogezee jeki."

Akaja kinyumenyume, kanga usoni, akaisukuma jeki kwa kisigino. Haikufika.

"Haifai hivyo, mama. Lazima uingie huku chini."

"Niingie huko, na wewe umelala?"

Nkwabi akataka kujibu, pumzi ikakataa. Kimya kile kilimtisha mama kuliko kelele. Akaitupa kanga, akatambaa kwa tumbo mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Mila itanisubiri hapo nje," alifoka. "Onyesha, naiweka wapi?"

Akamwonyesha kwa kidole: chini ya ekseli, juu ya ubao uliolala kando yake, isizame. Mama akazungusha mpini wa jeki. Chuma kikapanda kwa unene wa kucha. Kikapanda tena. Nkwabi akavuta pumzi ya kwanza iliyojaa.

"Sasa gurudumu... lisukume chini ya chesisi."

"Leo ndiyo umelikumbuka?"

Alilisukuma, kisha akamshika makwapani, akamburuta hadi kivulini huku Nkwabi akilia kama mtoto. Akamwinua kichwa, akamnywesha maji.

"Kidogo kidogo! Usinywe kama ng'ombe."

Akaunyoosha mguu, akaufunga kwa fimbo mbili na vipande vya kanga. Midomo ya mkwewe ilikuwa imebadilika rangi, naye akaogopa. Alimwita Mungu kwa sauti, akamkaripia Nkwabi asifumbe macho.

Jioni Shani alirudi, akakimbia kumleta Ngusa, mchungaji aliyekuwa mtoni, mtu pekee mwingine aliyejua kuendesha gari. Wakarudisha gurudumu, wakamlaza Nkwabi nyuma ya pikapu. Kwa shokapu zile na njia ile, mfupa ungetoboa ngozi kabla ya kufika zahanati. Mtu alipaswa kuupakata mguu njia nzima, na Shani alikuwa na kichanga mgongoni.

Wachungaji waliokuja na Ngusa walimwona mama mkwe akipanda, akikaa, akiuweka mguu wa mkwewe mapajani mbele ya macho ya watu. Mzee mmoja akageuza uso.

"Mnatazama nini?" Getruda aliuliza. "Huyu ni mwanangu. Ngusa, washa gari, na uendeshe taratibu."